Longitudo na saa: hesabu ya dakika 4 inayowaponza wengi

Swali la longitudo (nyuzi za mahali kuelekea mashariki au magharibi) na saa lina alama za bure, na bado kila mwaka nasahihisha madaftari yaliyozitupa. Kuzidisha wanajua. Kinachowaponza ni mwelekeo. Chukua kalamu tufanye moja: kwa saa ya jua, Dar es Salaam (nyuzi 39 Mashariki) ikiwa saa 6:00 mchana, Dakar (nyuzi 17 Magharibi) ni saa ngapi?

Hatua ya 1: Tafuta tofauti ya nyuzi. Miji ikiwa upande mmoja wa Greenwich (mstari wa nyuzi 0), toa. Greenwich ikiwa katikati yao, jumlisha. Hapa 39 + 17 = 56.

Hatua ya 2: Zidisha kwa 4. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, nyuzi 1 kwa dakika 4. Basi 56 × 4 = dakika 224, sawa na saa 3 na dakika 44.

Hatua ya 3: Ongeza au punguza? Hapa usiende mbio, wala usikariri. Shika chungwa, kikonyo juu ndiyo kaskazini. Chomeka njiti mbili za kiberiti ubavuni: ya kulia ni Dar, ya kushoto Dakar. Mulika kwa tochi ya simu, kisha lizungushe kutoka kushoto kwenda kulia. Njiti ya Dar itaingia kwenye mwanga kwanza. Wa mashariki yuko mbele. Dakar iko magharibi, kwa hiyo punguza: 6:00 kutoa 3:44 ni saa 2:16 asubuhi. Ukipenda mtindo wa saa 24, andika 12:00 na 08:16, lakini usichanganye mitindo. Nimeshaona mtu akianza na 12:00 akamaliza na "saa 8 mchana".

Hatua ya 4: Tenga saa ya jua na saa ya nchi. Simu itakwambia Dar na Dakar zinapishana saa 3 kamili. Haijakosea. Jua hufuata longitudo, ila saa ya ukutani huamuliwa na serikali. Tanzania, Kenya na Uganda zinafuata saa ya nyuzi 45 Mashariki, mstari ambao haupiti hata kwenye nchi moja kati ya hizo! Kigoma, karibu na nyuzi 30, iko nyuma ya mstari huo kwa nyuzi 15, kwa hiyo adhuhuri yake ya jua huangukia karibu saa 7 mchana. Bujumbura iko karibu longitudo ileile, lakini Burundi inafuata nyuzi 30. Mtu wa Kigoma akimpigia shemeji yake kule saa 2 asubuhi, anamkuta kwenye saa 1, na vivuli vyao vinalingana.

Hatua ya 5: Hakiki uani. Simamisha kijiti wima, na kuanzia saa 5:30 weka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 10 mpaka kianze kurefuka. Kivuli kifupi kuliko vyote ndiyo adhuhuri yako. Kwa Dar utapata saa 6:24 hivi, ikiyumba hadi robo saa kulingana na mwezi. Ukiniletea saa 6:00 kamili, nitajua hukutoka nje.