Kufunga kodlesi ya nyumbani: shughulika na besi kwanza, hendseti baadae

Watu wanasema simu ya mezani imeshakufa lakini mi kazi bado naipata, gesti, zahanati, maduka ya vipuri, na zaidi nyumba za wazee ambao simu ya tachi inawasumbua, wakigusa huku inafunguka kule. Na karibu wote siku hizi wanataka kodlesi, ile unainyanyua unaenda nayo mpaka uani huku unaongea. Kuifunga sio kazi ya kumuita fundi, unaweza mwenyewe, ila elewa kitu kimoja kabla hatujaanza: kodlesi ni besi, kile kiboksi kinachobaki mezani kimechomekwa umeme na laini. Hendseti ndo watu wanaishika kwaiyo ndo wanailaumu, kumbe ikikoroma, ikikatika, isipoita, mara nyingi shida ipo kwenye besi, umeme wake, waya wake au sehemu ilipowekwa.

Kwanza kabisa jua simu yako imetoka wapi. Hili naliweka mbele mana kodlesi nyingi zinakuja kwenye mabegi, mtoto yuko nje kamtumia mama zawadi. Kama boksi limeandikwa DECT 6.0, DECT ni mfumo wa mawasiliano wa kodlesi, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Marekani, inatumia masafa ya megahezi 1920 mpaka 1930, wakati za Ulaya na za huku kwetu Tanzania ni 1880 mpaka 1900. Sasa kuanzia 1920 kupanda juu huku ni njia ya 3G, simu za mkononi ndo zinapita hapo kwenda mnarani, kwaiyo ukiiwasha ile ya Marekani unaingilia njia ya watu, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanataka kifaa cha mawasiliano kiwe kimeidhinishwa, hicho hakiwezi kuwa. Alafu kuna adapta. Chukua tochi ya simu usome yale maandishi madogo yaliyoandikwa INPUT, ukikuta 120V peke yake usithubutu kuichomeka kwenye soketi zetu za volti 230, utanusa moshi kabla hujasikia mlio wowote. Ukikuta 100-240V umeme hauna shida, ila la masafa liko palepale, mwambie mtoto atume kitu kingine.

Ya Uingereza ina nafuu, masafa ndo hayohayo na plagi ya umeme ni ya miguu mitatu kama zetu. Tatizo lake ni waya wa laini, kichwa cha upande wa ukutani ni tofauti na hiki kidogo cha plastiki tulichozoea, na hata ukinunua waya wa kawaida mjini zingine zinakubali zingine zinagoma kwasababu nyaya za ndani zimepangwa vingine. Nenda na besi yako dukani ukajaribishe hapohapo.

Pia usichanganye na zile simu za mezani zinazotumia simkadi, unaweka kadi nyuma kama simu ya mkononi. Hizo hazina tundu la laini na hazihusiani na haya ninayoyaeleza.

Haya, sasa hakikisha laini yako iko hai kabla hujafungua hata boksi. Azima simu ya kawaida ya waya kwa jirani, chomeka, nyanyua, usikie ule mlio mrefu tuuuu. Usiposikia, kodlesi haitafufua laini iliyokufa. Na kama mmeshahamia faiba, kile kisoketi cha zamani ukutani kimebaki pambo tu, sauti inatoka kwenye kile kiboksi cha faiba, geuza nyuma utaona tundu dogo kuliko yale ya intaneti, limeandikwa TEL au PHONE, yakiwa mawili anza na namba 1. Kama bado uko kwenye waya wa shaba na intaneti inapita humohumo lazima uweke splita, kile kidude kinachotenganisha sauti na intaneti, kati ya ukuta na simu, bila hiyo utasikia mchirizo kama mafuta ya maandazi yamechemka na intaneti itakuwa inakatika kila simu ikiita.

Mahali pa kuweka besi ndo watu wanapoharibu. Wanaangalia soketi iko wapi wanaibandika hapo, basi. Kuna nyumba moja niliitwa Tabata, mama analalamika akifika jikoni sauti inakatakata, nimekuta besi imesukumwa nyuma ya friji, juu yake kuna trei la chuma la vyombo, nikamuuliza mama mbona umeificha akasema mwanangu watoto wanaichezea. Nikaipandisha juu ya kabati la koridoni, waya nikaupitisha pembeni ya mlango, akaongea mpaka getini. Sijabadilisha kitu kingine chochote. Kwenye boksi wanaandika mita 300 nje na mita 50 ndani, hizo 300 ni uwanja mtupu, kuta za tofali na zege la nondo zinakula karibu yote. Kwaiyo weka katikati ya nyumba, juu kidogo, mbali na friji, maikrowevu na nyuma ya tivii. Na ruta ya wifi usiibananishe na besi, japo masafa yao hayagongani, wifi iko gigahezi 2.4 na 5, zinazogongana na wifi ni zile kodlesi za zamani za gigahezi 2.4. Mi huacha kama mita moja hivi.

Ukishapata sehemu, chomeka waya wa laini kwenye besi mpaka usikie tik, alafu adapta. Tumia adapta yake yenyewe! Nyingi ni volti 5.5 au 6.5, ukichukua ya ruta ya volti 12 kwa sababu kichwa kimeingia, umeiua.

Betri sasa. Hendseti nyingi zinatumia betri mbili ndogo saizi ya AAA, zile za kuchaji, ubavuni zimeandikwa Ni-MH na 1.2V. Zikichoka watu wanaenda dukani wananunua betri za rimoti wanaweka, inawaka, wanafurahi, wanairudisha kwenye chaji. Betri ya rimoti haichajiwi jamani, inavuja ule uji mweupe unakula vyuma vya ndani, na inaweza hata kupasuka. Tafuta Ni-MH, mAh 550 mpaka 750 zinatosha. Zikiwa mpya ziache kwenye chaji masaa 7 au 8 bila kuinyanyua, najua mikono inawasha lakini iache, hata kama alama ya betri inaonyesha imejaa mapema.

Ikishajaa inyanyue, bonyeza kitufe cha kijani, sikiliza mlio. Upo? Piga simu yako ya mkononi kwanza, alafu jipigie ya mezani, ukikumbuka namba ya mkoa mbele, Dar 022, Zanzibar 024, Arusha 027. Hapo umemaliza kufunga. Weka saa na tarehe mana bila hivyo orodha ya waliopiga itakuonyesha mambo ya ajabu, kwenye Panasonic nyingi za KX-TG unabonyeza menyu alafu #101. Na kama jina au namba ya anayepiga haitokei kabisa kwenye kioo simu ni nzima, hiyo ni huduma, waombe kampuni ya laini waiwashe.

Kuongeza hendseti ya pili ndo raha yenyewe, besi nyingi zinabeba mpaka 6. Ukinunua zikiwa pamoja kwenye boksi moja zinajuana tayari, lakini ukinunua moja baadae inabidi uitambulishe. Panasonic hizo nilizotaja, kwenye hendseti mpya nenda menyu, #130, alafu shikilia kile kitufe cha besi cha kutafutia hendseti kama sekunde 5 mpaka ilie, rudi kwenye hendseti ubonyeze OK, ikikuomba namba ya siri weka 0000 kama hujawahi kuibadilisha. Aina zingine ni utaratibu huohuo, menyu zinatofautiana tu. Kitufe hichohicho ukikigusa mara moja bila kushikilia hendseti zote zinalia, so ikipotelea kwenye makochi unaipata.

Ukishakuwa na mbili tumia INT, kile kitufe cha kuongea hendseti kwa hendseti. Bonyeza INT na namba ya hendseti, ya jikoni inaita chumbani. Bibi yuko kitandani anataka chai hana haja ya kupaza sauti, na haina gharama yoyote kwasababu haipiti kwenye laini, hata laini ikiwa imekatwa kwa deni mtaongea humo ndani kama kawaida. Simu ya nje ikiingia na mwenyewe yuko chumbani, bonyeza INT, muite, akipokea mwambie nani anamtafuta, alafu we kata, anabaki na mgeni wake. Gesti wanapenda sana hii.

Umeme ukikatika kodlesi nyingi zinazima kabisa, hendseti ijae chaji isijae, mana besi haina pumzi. Simu ya waya kwenye laini ya shaba inaendelea kwasababu umeme wake, kama volti 48, unatoka huko kwenye kituo cha simu, ndo mana kila ninapofunga kodlesi kwenye laini ya shaba nawaambia ile simu yenu ya waya msiitupe, muiache imechomekwa chumbani kwa mzee. Kwenye faiba hiyo haisaidii, kile kiboksi nacho kinazima, hapo nunua UPS ndogo yenye soketi za kawaida, uchomeke kiboksi na besi pamoja. Vile viUPS vya ruta vinavyotoa volti 9 na 12 moja kwa moja msiunganishe na besi. Mpigishe bibi simu ya majaribio mkiwa mmezima meni swichi, ajue ni ipi ya kunyanyua gizani, na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto ziingizeni kwenye vitufe vya haraka.

Radi zikianza chomoa vyote, umeme na laini, sio umeme peke yake, nimeona besi zilizoungua kupitia waya wa laini huku adapta iko mezani haijachomekwa.

Na kila baada ya muda futa vile vyuma vidogo vya chaji, kwenye hendseti na kwenye kikalio inapochajiwa, kwa pamba na spiriti kidogo. Mafuta ya mikono na vumbi vinaziba pale, hendseti inakaa usiku mzima kwenye chaji asubuhi inalia betri, mtu anakimbilia kununua betri mpya wakati hizo za mwanzo bado zina uhai.