Mpendwa wako anapoondoka: jinsi ya kulishika tumaini la mbinguni

Mama alipofika hatua ya madaktari kusema dawa hazisaidii tena, sisi watoto tulikubaliana kwenye grupu la WhatsApp kwamba asiambiwe kitu, tumtie moyo tu, na kila aliyeingia chumbani alikuwa na sentensi ile ile, "utapona mama". Siku moja namgeuza kitandani nimpake mafuta mgongoni, akaniuliza taratibu, "Mbona mnaongea na mimi kama siendi popote?" Nikakosa jibu. Yeye alikuwa ameshajiandaa kwenda kwa Baba yake na sisi, tulioimba habari za mbinguni tangu Sunday school, ndo tulikuwa tunamzuia kuongea habari za safari yake.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, usisubiri msiba. Ongea habari za mbinguni mgonjwa akiwa bado anasikia. Na usianze kwa kuhubiri, anza kwa kuuliza: mama unawaza nini, baba kuna kitu kinakuogopesha, kuna mtu unataka tumuite muyamalize? Halafu nyamaza umsikilize hata kama anachosema kinakuumiza. Wengine hawaogopi kufa kwenyewe, wanaogopa maumivu, au wanawaza mtoto wa mwisho atasomeshwa na nani, na hilo halijibiwi na mstari wa Biblia, linajibiwa na wewe kusema "mimi nipo, nitamsomesha" kama kweli unaweza.

Ukisoma, soma kidogo. Mgonjwa anachoka haraka sana, sura nzima ni nyingi. Yohana 14 mstari wa 1 mpaka wa 3 inatosha, pale Yesu anaposema nyumbani mwa Baba yake mna makao mengi na anakwenda kuandaa mahali, au Zaburi ya 23. Kama ipo Biblia ya lugha ya kwao msomee hiyo, utaona uso unavyobadilika. Wimbo anaoupenda imba kwa sauti ya chini, siyo kama kwaya ya mkesha.

Sasa kuna watu watakwambia ukiongea habari za kifo umepungukiwa imani. Hapana jamani. Omba uponyaji, omba sana, lakini kumbuka Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke na hapo hapo akaomba mapenzi ya Baba yatimizwe (Mathayo 26:39). Maombi yote mawili yanakaa kwenye kinywa kimoja. Na mgonjwa asipopona usikubali mtu yeyote aje kuwaambia mlikosa imani, huo ni mzigo ambao Mungu hajawatwika.

Akishaondoka, lia. Nasema hivi kwa sababu kwenye misiba yetu ya kilokole kuna hii "usilie, yuko pazuri", mtu anafutwa machozi kwa nguvu kama vile anamwaibisha Yesu. Soma vizuri 1 Wathesalonike 4:13. Paulo hakuwaambia wasihuzunike, aliwaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, yani huzuni ipo ila ina mahali inapoelekea. Wale Wathesalonike walikuwa na wasiwasi kwamba ndugu zao waliokufa kabla Bwana hajarudi wamepitwa, naye akawahakikishia waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Halafu muangalie Yesu alipofiwa na rafiki yake Lazaro, Yohana 11. Anajua kabisa dakika chache zijazo anamwita atoke, na bado analia. Kama yeye mwenye funguo za mauti alilia akielekea kaburini, wewe unaona aibu ya nini?

Ukienda kuhani msiba wa mtu, chunga mdomo. "Kazi ya Mungu haina makosa" mi nimeacha kabisa kuisema kwa mama aliyefiwa na mtoto, maana anachosikia pale ni kwamba Mungu amemnyang'anya na haruhusiwi kuuliza. Shika mkono, sema pole sana, kaa naye kwenye mkeka, osha vyombo. Watoto nao wasiambiwe bibi amelala au amesafiri, wataogopa kulala au watakaa mlangoni kumsubiri. Waambie bibi amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, Yesu hajamsahau na atamfufua, na waache waulize hata mara kumi.

Na familia zetu zimechanganyika, Mkatoliki anataka misa ya marehemu, Msabato anaamini wafu wamelala mpaka ufufuo, Mlutheri ana lake. Chini ya turubai siyo mahali pa kushindana marehemu yuko wapi saa hii. Wote wanasubiri parapanda moja na ufufuo wa mwili, shikeni hapo, mengine yatasubiri.

Swali gumu zaidi ni la ndugu ambaye hakuwa mtu wa kanisa. Usimhukumu, na usijifanye unajua usichokijua. Mimi huwa nakumbuka yule mhalifu msalabani, alikuwa amebakiza masaa tu, akaomba akumbukwe, akaambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43). Dakika za mwisho za mtu wako na Mungu wewe hukuzisikia. Mwache kwenye mikono hiyo.

Kazi yenyewe sasa inaanza turubai likishakunjwa na wageni wakaondoka. Nyumba inakuwa kimya mpaka unasikia friji. Hapo ndo tumaini linatakiwa lishikwe kila siku, kidogo kidogo, hata siku usiyohisi chochote. Rudi ibadani hata kama utatoka nje katikati ya wimbo, kuwa na mtu mmoja wa jumuiya ambaye unaweza kumpigia na kusema tu "leo nimezidiwa". Kaburini nenda ukitaka, na shika neno la Daudi alipofiwa na mtoto, kwamba yeye atamwendea mtoto ila mtoto hatamrudia (2 Samweli 12:23). Lakini kama wiki zinapita huli, hulali, au umeanza kuwaza kujiua ili umfuate, hiyo siyo hamu ya mbinguni, mwambie mtu leo hii hii na uende hospitali, mchungaji na daktari hawagombani.

Miwani ya mama, ile yenye mguu uliofungwa uzi mweusi, bado iko ndani ya Biblia yake, aliiacha Ufunuo 21. Jumamosi jioni huwa nafungua pale pale, nasoma mstari wa 4, kila chozi litafutwa wala mauti haitakuwapo tena, naivaa ile miwani kidogo, naona ukungu mtupu, nairudisha. Halafu naenda kupika.