Jinsi ya kumchagulia paka dume jina la Kislavi

Juzi nilimsaidia dada mmoja wa Tanga anayeishi Poland na mumewe. Walikuwa wamechukua paka dume kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, na dada akaniletea orodha ndefu ya majina kutoka mtandaoni. Mengi hayakufaa. Orodha zile huchanganya lugha za Kislavi, kama Kirusi, Kicheki na Kiserbia, kana kwamba ni lugha moja, na hazikuambii jina litatamkwaje ukiwa umesimama mlangoni unamwita. Kazi ya jina la paka ni kuitwa. Ndiyo maana mimi naanza na sauti ya kuitia. Maana ya jina inafuata.

Hatua ya 1: Hakikisha ni dume

Daktari wa mifugo atakwambia. Tuendelee.

Hatua ya 2: Shika lugha moja

Kama nyumbani au kwa wakwe kunazungumzwa lugha ya Kislavi, chukua hiyo hiyo. Kama paka ni wa aina ya Siberia au ya Russian Blue, Kirusi kinamkaa vizuri. Kama huna sababu yoyote, nakushauri Kipolandi, na sababu yangu ni mkazo: Kipolandi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Kicheki huuweka mwanzoni. Kirusi huuhamisha kila jina na lake: Barsik na Murzik huanza kwa nguvu, lakini Pushok na Snezhok mkazo uko mwishoni, na ukiukosea Mrusi anasikia mara moja.

Hatua ya 3: Kusanya majina machache

Waslavi wenyewe huyatoa sehemu tatu. Ya kwanza ni ule mkoromo wa paka akiwa na raha: Murzik kwa Kirusi, Murchyk kwa Kiukraini, Mruczek kwa Kipolandi. Ya pili ni umbo na rangi: Ryzhik ni wa rangi ya chungwa, Snezhok mweupe kama theluji, Pushok mwenye manyoya mengi, na Mourek wa Wacheki ni mwenye milia. Barsik ametoka kwa chui wa theluji. Ya tatu ni majina ya watu, kamili au yaliyokatwa: Vaska kutoka Vasily, Kuzya kutoka Kuzma. Stepan, yule paka wa Kharkiv aliyepata umaarufu kwa picha zake akiwa ameegemea meza kando ya glasi, ana jina la mtu mzima kabisa na linampendeza.

Mimi napenda zaidi sehemu ya kwanza. Yale makubwa kama Vladislav na Stanislav yaache. Kufika jioni utakuwa umeshayakata.

Hatua ya 4: Tazama mwisho wa jina

Murzik ni dume, Murka ni jike. Mruczek dume, Mruczka jike. Miishio -ik, -ek na -ok ni salama. Lakini usitupe kila jina linaloishia na -a: Vaska, Kuzya na Misha ni ya kiume.

Hatua ya 5: Liite kwa sauti, kwa kila umbo lake

Hapa ndipo muda unapoisha, kwa hiyo soma polepole.

Kwanza herufi. Kwa Kipolandi *cz* ni ch yetu, *sz* ni sh, *w* ni v, *j* ni y, na *c* ikiwa peke yake ni ts. Kwa hiyo Puszek ni "Pushek", na Gacek, yule paka mweusi na mweupe aliyepata umaarufu kwenye mtaa wa Kaszubska mjini Szczecin, Poland, ni "Gatsek". Katika Mruczek usiivute ile m kama ya "mrudie". M na r hutoka pamoja. Sauti *zh* ya Ryzhik sisi hatunayo. Ndugu zetu wa Kongo wanaijua kutoka Kifaransa, ila pwani paka huyo ataitwa Riziki kabla wiki haijaisha. Kama hilo halikusumbui, mchukue.

Pili, na hili orodha hazilisemi: katika lugha nyingi za Kislavi jina hubadilika unapomwita mwenyewe. Mruczek akiitwa ni "Mruczku!", ile e imeondoka. Mourek anakuwa "Mourku!", Murchyk anakuwa "Murchyku!", na Stepan kwa Kiukraini ni "Stepane!" Warusi umbo hilo walishaliacha, lakini katika maongezi hukata mwisho, Kuzya akabaki "Kuz!"

Kisha kuna maumbo ya kumtaja. Mpolandi akisema Mruczek hayupo, anasema "nie ma Mruczka". Dada yule alilisikia kwa mama mkwe akadhani paka amegeuzwa jike. Ni dume yule yule. Sentensi ndiyo imebadilisha mwisho. Kwenye kadi ya chanjo andika umbo la msingi, Mruczek.

Sasa amueni nyumbani ni umbo lipi la kuitia, na wote mlitumie. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2019 kwamba paka hutofautisha jina lake na maneno mengine yanayofanana nalo kwa urefu. Msimchanganye kwa majina manne. Dada na mumewe walichagua "Mruczku", hata wanapoongea Kiswahili.

Hatua ya 6: Uliza wenyeji

Burek kwa Wapolandi, Sharik kwa Warusi na Sirko kwa Waukraini ni majina ya mbwa. Na ukichukua jina la mtu, hakikisha si la babu wa ukweni.

Hatua ya 7: Mzoeshe

Ita mara moja, weka chakula. Ita umbo lile lile kila mlo, na usilitumie kumkaripia. Paka mkubwa aliyekuja na jina lake, tafuta linaloanza kwa sauti ya karibu: Murzik anaweza kuwa Murchyk, na kwa kuwa mwanzo ni ule ule, hamtaanza upya kumfundisha.