Jinsi ya kuomba halmashauri yako iingie kwenye ununuzi wa pamoja wa nishati

Bajeti ya halmashauri hupitishwa mara moja kwa mwaka, ilhali bei ya umeme na gesi kwenye soko huria hubadilika kila siku, na umeme katika masoko mengine hata kila nusu saa. Bei ikipanda katikati ya mwaka, pampu za maji na taa za barabarani haziwezi kuzimwa, kwa hiyo fedha hukatwa kwenye mafungu mengine. Ununuzi wa pamoja, ambapo halmashauri kadhaa huunganisha mahitaji yao na kuingia sokoni kama mteja mmoja mkubwa, upo ili kuziba pengo hilo. Mwongozo huu ni wa afisa aliyekabidhiwa jalada na kuambiwa, "Hebu lishughulikie hili."

Kwanza hakikisha soko lako linaruhusu. Mahali ambapo kampuni ni moja na bei hupangwa na mdhibiti, kujiunga hakubadilishi bei ya uniti hata senti moja. Hapo elekeza nguvu kwenye dizeli na petroli ya magari na jenereta, ambazo nazo hununuliwa kwa pamoja kwa utaratibu unaofanana na huu.

Hatua ya kwanza: orodha ya mita

Kazi kubwa iko hapa, na maombi mengi hukwama hapahapa. Kundi la ununuzi litataka jedwali lenye namba ya kila mita, mahali ilipo, matumizi ya miezi 12 iliyopita (miezi 24 ni bora zaidi), kiwango cha juu cha mahitaji, tarehe mkataba wa sasa unapoisha, na idara inayolipa ankara. Usichukue tu orodha ya idara ya fedha ukaituma. Ipitie mstari kwa mstari pamoja na mhandisi. Mtakuta mita ya jengo lililouzwa zamani ambalo ankara zake bado zinalipwa, shule iliyofunga paneli za sola bila kumwambia mtu, na mita zinazosomwa kwa makadirio mwaka mzima.

Taa za barabarani zinahitaji jicho la pekee kwa sababu mara nyingi hazina mita. Matumizi yake hupigwa kwa hesabu: idadi ya taa, wati zake, na saa zinazowaka. Chukua taa 4,000 za wati 150 zinazowaka usiku kucha, kama saa 4,100 kwa mwaka. Zikibadilishwa kuwa LED za wati 60 na orodha isirekebishwe, halmashauri itakuwa imeagiza megawati-saa 1,476 za umeme usiotumika (megawati-saa moja ni uniti 1,000). Mikataba mingi huweka ukomo wa asilimia ambayo matumizi halisi yanaweza kupishana na kiasi kilichoagizwa. Ukiuvuka, ziada au upungufu huo huhesabiwa kwa bei ya soko ya wakati huo, na hasara ikitokea ni yako.

Hatua ya pili: barua ya idhini

Barua fupi, yenye saini na mhuri, inayoliruhusu kundi kuchukua takwimu zako kwa muuzaji wa sasa. Iandike iwe na tarehe ya kuisha, na itamke wazi kwamba hairuhusu kusaini mkataba kwa niaba yako. Kuna madalali wanaochomeka ruhusa hiyo kwenye aya ya mwisho.

Hatua ya tatu: azimio la baraza

Ukifanya jambo moja tu kwa umakini katika safari nzima, liwe hili. Muuzaji wa nishati akitoa bei, bei hiyo hudumu kwa saa chache, kwa kawaida hadi jioni ya siku hiyohiyo, kwa kuwa naye anategemea soko linalosogea. Halmashauri nayo ina kamati ya fedha, kisha kikao cha baraza, kisha muhtasari wa kusainiwa. Zabuni ikifunguliwa kabla hujapata mamlaka, bei nzuri itapita huku jalada likipigwa danadana kati ya ofisi mbili.

Kwa hiyo baraza liombwe kukasimu madaraka mapema, kabla hakujawa na bei yoyote mezani. Azimio litaje cheo cha anayesaini (mara nyingi mkurugenzi au mweka hazina) na cheo cha kaimu wake. Liweke pia bei ya juu ambayo hawaruhusiwi kuivuka, muda mrefu kuliko wote wa mkataba, na lini taarifa itarudishwa kwa madiwani. Madiwani watauliza, "Tutaokoa kiasi gani?" Wajibu ukweli: lengo la kwanza ni kujua mapema gharama itakuwa ngapi, na kuna miaka ambayo jirani aliyebaki nje atalipa kidogo kuliko ninyi. Hilo liingie kwenye muhtasari wa kikao, kwa sababu mwaka wa namna hiyo ukifika, kuna atakayetafuta wa kumlaumu.

Mwanasheria naye athibitishe kwa maandishi kwamba sheria inaipa halmashauri uwezo wa kuingia mkataba wa aina hiyo. Kununua nishati itakayoletwa baadaye kwa bei iliyokubaliwa leo kwa kawaida hakuna shida. Mikataba ya kifedha inayofuata tu mwenendo wa bei, bila nishati kuletwa, ni habari nyingine. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba halmashauri ya Hammersmith and Fulham haikuwa na mamlaka ya kuingia mikataba ya kubadilishana viwango vya riba, na mikataba hiyo ikawa batili. Ile ilihusu riba, lakini swali ni lilelile: nani alikupa ruhusa?

Hatua ya nne: kuchagua namna ya kununua

Fomu ya kujiunga itakuuliza unataka bei ya namna gani. Unaweza kufunga bei ya kiasi chote siku moja, kununua kwa awamu, au kuacha sehemu ifuate soko.

Kuacha kila kitu kifuate soko ni ujasiri usio na mshahara. Katika baridi kali ya Texas, Februari 2021, bei ya jumla ya umeme ilikaa kwenye ukomo wa dola 9,000 kwa megawati-saa kwa siku kadhaa, na mji wa Denton, unaomiliki shirika lake la umeme, ulitumia zaidi ya dola milioni 200 ndani ya siku chache. Kufunga yote siku moja nako kuna kisirani chake: gesi ya Ulaya ilivuka euro 300 kwa megawati-saa mwishoni mwa Agosti 2022, na katikati ya 2023 ilikuwa chini ya 50. Aliyefunga mkataba mrefu kileleni aliendelea kulipa bei ya kileleni.

Mimi ningechagua awamu. Tuseme mahitaji ni megawati-saa 12,000, yakanunuliwa kwa mafungu 12 ya 1,000. Fungu moja likiangukia siku ya bei 200 na 11 yakapatikana kwa 100, wastani ni 108 na kitu. Hakuna anayejisifu kwa kupata bei ya chini kabisa, lakini hakuna bajeti inayopasuka.

Halmashauri yenye mita nyingi inaweza kuweka sehemu ya mahitaji kwenye mkataba mrefu na mzalishaji mwenyewe. Mwaka 2017 jiji la Melbourne na washirika wake, taasisi 14 kwa jumla, zilisaini mkataba wa miaka 10 wa kununua umeme wa shamba la upepo la Crowlands. Kwa maombi ya mara ya kwanza, hilo lisubiri.

Hatua ya tano: fomu na mkataba wa kujiunga

Ambatisha jedwali la mita, barua ya idhini, azimio lililosainiwa, na maoni ya mwanasheria. Peleka kabla kundi halijaanza kununua. Dirisha hilo huweza kufunguka mwaka mzima kabla umeme wenyewe haujaanza kuletwa. Ukichelewa, mahitaji yako hununuliwa peke yake kwa bei ya siku hiyo, na maana ya kujiunga imepotea.

Kabla ya kusaini tafuta vifungu hivi: ada ya kundi kwa kila kilowati-saa, ukomo wa kupishana kwa matumizi, namna ya kuongeza na kuondoa mita, masharti ya kujitoa, na kinachotokea muuzaji akifilisika. Hicho cha mwisho si cha kupamba karatasi: wauzaji karibu 30 walianguka Uingereza katika msukosuko wa 2021 na 2022. Uliza pia itakuwaje kundi lenyewe likishindwa. Mwaka 2022 NOPEC, kundi la ununuzi la pamoja katika jimbo la Ohio, Marekani, liliwarudisha wateja wapatao 550,000 kwenye kampuni zao za kawaida kwa sababu bei yake ilikuwa imezidi ya kampuni hizo.

Hatua ya sita: makabidhiano

Mpe muuzaji wa zamani notisi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba wake, maana mingine hujiongeza yenyewe ukinyamaza. Siku ya kuhama, piga picha ya kila mita huku namba na usomaji vikionekana. Ankara ya kwanza ilinganishe na jedwali lako mita kwa mita, na pingamizi litumwe kwa maandishi kabla ya kulipa.

Idara ya fedha ielezwe kwamba kilichofungwa ni bei ya nishati yenyewe. Gharama za njia za kusafirisha, kodi na tozo za serikali hupitishwa kwako kama zilivyo, na zinaweza kupanda hata kama kundi limenunua vizuri. Wakiingiza ankara nzima kwenye bajeti kama namba isiyobadilika, mwezi wa nne watakuja mlangoni kwako. Mita mpya, kama ya zahanati inayofunguliwa, huingizwa kwa fomu fupi ya nyongeza; itume mwezi mmoja kabla jengo halijaanza kutumika.