Kikoba kisichomkaba mtu: panga mipaka kabla sanduku halijafungwa

Mimi ni fundi cherehani Mbagala, na ni katibu wa kikoba cha mtaani kwetu, yaani kikundi cha kuweka akiba sandukuni na kukopeshana. Watu hunijia kuomba katiba yetu wainakili. Naitoa kwa moyo mmoja, ila huwaomba wakae kwanza tuongee, kwa sababu vikoba vingi nilivyoona vikisambaratika havikuibiwa. Watu waligombana. Ama kikundi kilijitia kwenye maisha ya mtu kupita kiasi, ama mtu mmoja alizifanya fedha za wote kuwa zake. Kila kifungu mtakachoandika kijibu maswali mawili: fedha hii ni ya nani, na uamuzi huu ni wa nani?

Hisa: kila mtu apumue kwa uwezo wake

Wekeni bei ya hisa ambayo mwenye kipato cha chini kabisa kati yenu ataimudu hata wiki mbaya. Yetu ni shilingi 2,000. Kila wiki mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, na hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini leo kanunua moja. Muuza samaki akikosa mzigo kwenye soko la Feri, wiki hiyo ana haki ya kununua hisa moja na kukaa kwenye mkeka kama wenzake.

Ukomo wa hisa tano nao una sababu yake. Mwenye duka la jumla angeweza kununua hisa 40, na baada ya miezi michache kikoba kingekuwa chake, sisi tukawa wateja wake. Kwa sababu hiyohiyo, kura ni moja kwa kila mtu, awe na hisa ngapi.

Hesabu ya mgao ielezeni siku ya kwanza kwa namba. Tuseme mpo 25, na mwaka mzima mmenunua hisa 3,900 za 2,000. Hiyo ni 7,800,000. Siku ya kuvunja sanduku na kugawana mnakuta 9,360,000 baada ya faida ya mikopo. Gawanyeni kwa hisa: kila moja imekuwa 2,400. Aliyenunua hisa moja kila wiki, yaani 52, anaondoka na 124,800. Aliyenunua tano kila wiki ana 624,000. Wote wawili wamepata faida ileile kwa kila hisa, na hakuna wa kumuonea mwenzake kijicho.

Kama mna wanachama wasiokula riba, lizungumzeni mapema. Wapo wanaotaka warudishiwe walichoweka tu, na leja inaweza kuandikwa hivyo. Imani ya mtu msiipigie kura.

Mfuko wa jamii: hapa hakuna hiari

Huu ni wa msiba, ugonjwa na majanga. Kila mtu atoe kiasi kilekile kila wiki, mwenye nacho na asiye nacho. Watu 25 wakitoa 500 kwa wiki 52 ni 650,000. Andikeni kabisa: kufiwa na mzazi, mwenza au mtoto ni kiasi gani, kulazwa ni kiasi gani. Mkiacha wazi, mtu mpole atapewa kidogo na mwenye ndugu wengi kikundini atapewa kingi. Hapa ndipo ninapodai uwajibikaji bila huruma, kwa sababu hakuna aijuaye zamu yake.

Harusi, kicheni pati na sare zisiguse mfuko huu. Nashona vijora, najua ninachokisema. Nimeshuhudia mwanamke akikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili asionekane hana sare ya kikundi kwenye shughuli ya mwenzake, kisha akauza kabati la vyombo ili alipe. Kikundi kilichoundwa kumuondoa kwenye mikopo ya namna hiyo ndicho kilichomsukuma humo. Kifungu chetu kinasema hivi: sare ni ya anayetaka, hakuna faini kwa asiyeshona, na orodha ya waliochangia shughuli haisomwi kikaoni.

Mkopo: dhamana ya wote, matumizi ya mmoja

Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, alipe ndani ya miezi mitatu, awe na wadhamini wawili. Kikundi kina haki ya kujua kiasi, tarehe ya kurejesha na mdhamini ni nani. Kama anaenda kununua friji au kulipa ada ya mtoto, hayo ni yake na nyumba yake.

Kuna vikoba vinavyomlazimisha kila mtu akope ili faida iongezeke. Napinga kabisa. Anayelazimishwa kukopa huchukua fedha asiyo na kazi nayo, akaila, akatafuta pa kuirudishia. Faida kubwa ya karatasi inatoka mfukoni mwa wanachama walewale.

Akichelewa kulipa, andikeni ngazi mapema. Kwanza mdhamini amfuate kimya. Pili, aje mbele ya kamati, ikubaliane naye ratiba mpya. Tatu, deni likatwe kwenye hisa zake siku ya mgao, na lisipotosha, wadhamini wajazie na wao wamdai. Picha yake isipandishwe kwenye grupu la WhatsApp. Msiende kubeba godoro na televisheni mbele ya watoto wake. Mkishindwana kabisa, ipo serikali ya mtaa.

Makufuli matatu

Mfumo huu wa kuweka akiba na kukopeshana ulianza kwa wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991 wakisaidiwa na shirika la CARE, na kwetu ulipita Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mpaka leo unadumu kwa sababu haumtaki mtu yeyote awe malaika. Sanduku lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Fedha huhesabiwa kwa sauti na watu wawili. Kabla ya kufunga, katibu anataja salio, na kikao kinachofuata anachagua mtu yeyote alitaje kwa kichwa. Asiyejua kusoma analinda mali yake sawa na mwalimu.

Mradi wa pamoja

Kila kikoba kikipata nguvu huwaza kununua viti vya plastiki, maturubai na masufuria ya kukodisha. Ni mradi mzuri, na unaleta heshima mtaani. Lakini msiuingize kwenye hisa za kawaida. Fungueni daftari lake peke yake. Anayetaka aingie, mapato yagawanywe kwa waliochangia, na asiyetaka abaki mwanachama kamili bila kununiwa. Sisi tulipoanza viti, wengine walikaa pembeni. Walipoona vinazunguka kila Jumamosi, baadhi waliomba kuingia wenyewe, na tulikuwa tumeshaandika masharti ya anayechelewa kujiunga.

Uangalifu huohuo uwe kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Ule ni mkopo wa kikundi: mmoja akikwama, deni linabaki kwenu. Kwa hiyo wingi wa kura hautoshi, kila atakayebeba deni aseme ndiyo kwa mdomo wake na asaini. Na ili mfike huko lazima msajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama vyetu daraja la nne, usajili unapitia halmashauri. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mlango wa kutokea

Andikeni namna ya kuondoka siku mnayoandika namna ya kuingia. Anayehama au kubadili mawazo katikati ya mwaka alipe deni lake, arudishiwe hisa alizonunua bila faida, ndani ya mwezi mmoja. Mfuko wa jamii haurudishwi. Akifariki, hisa ziende kwa mtu aliyemtaja kwenye daftari lake, hata kama mume au ndugu wana maoni mengine.

Na baada ya mgao, msianze mzunguko mpya kwa mazoea. Acheni wiki moja ipite, kila mtu akiwa na fedha zake mkononi nyumbani kwake. Kisha itisheni kikao, someni katiba kifungu kwa kifungu, badilisheni kinachouma, na muulize jina kwa jina nani anaendelea. Jina la asiyejibu lisiandikwe.