Mombasa mara ya kwanza mkiwa wawili

Kama wewe na mpenzi wako hamjawahi fika Mombasa, chukueni treni ya SGR ya asubuhi pale Syokimau, karibu na Nairobi, si ile ya usiku, juu mchana mnapita mbuga ya Tsavo na mnaweza ona ndovu mkiwa mmekaa tu dirishani. Tiketi kateni mapema sana, hasa Disemba na shule zikifungwa, zinaisha haraka. Halafu kitu watu husahau, stesheni ya huko iko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hivyo nauli ya matatu ama teksi iwe kwa bajeti tangu mwanzo.

Ufuo wa Diani uko ng'ambo ya feri ya Likoni na foleni yake ni ndefu, msiupange siku moja na Fort Jesus. Hiyo ngome Wareno walianza kuijenga 1593, ingieni mapema kabla jua halijawa kali, mkitoka mtembee polepole Mji wa Kale, vichochoro vyembamba, milango ya kuchonga mizuri ajabu, mkipata mahamri na mbaazi mkae mle. Mimi hapo ningewapa siku nzima. Beba leso ya kujifunika mabega, huko watu huvaa kwa heshima.