Simu Inaishi Ndani ya Kisanduku: Kwa Watanzania wa Nairobi Wanaotaka Kubadilisha Modemu

Mwezi wa Ramadhani simu yangu ya mezani hapa South B ilikaa kimya siku kumi na tisa, nami nikadhani ni mfungo tu. Napika chakula cha ofisini. Wateja wangu wengi wako Industrial Area, na namba waliyonayo ni ile ya 020 iliyo kwenye kadi tangu nianze. Oda za mchana hupungua Ramadhani, kwa hiyo sikushtuka, mpaka mama mmoja wa ofisini tunayefahamiana naye aliponikuta sokoni akaniuliza kama nilirudi Tanga. "Tumekupigia wiki mbili, dada. Inasema haipatikani. Tukatafuta mtu mwingine."

Muda wote huo intaneti ilikuwa safi kabisa. Huo ndio mtego. Ukibadilisha kisanduku cha intaneti, yaani modemu, intaneti inaweza kurudi na simu isirudi, bila mlio wowote wa kukujulisha.

Sisi tuliokulia kwenye laini ya shaba ya TTCL tuna mazoea yetu. Waya ulitoka ukutani, ukagawanywa: mmoja kwenye simu, mwingine kwenye modemu. Modemu ikifa, simu iliendelea kulia. Umeme ukikatika, simu iliendelea kulia, kwa kuwa ilipata nguvu yake kutoka kituo cha simu kupitia waya uleule. Kwenye faiba, ule waya mwembamba wa kioo, hakuna hata kimoja cha hayo. Kinachoingia ndani ni mwanga, na kisanduku ndicho kinachougeuza kuwa intaneti na sauti. Simu inaishi ndani ya kisanduku. Kisanduku kikizima, simu imezima.

Mimi sikulijua hilo. Kisanduku changu kilipoanza kukatakata nilimpigia shemeji yangu Dar, ambaye ukoo mzima humuuliza mambo ya vyombo. Akaniambia ninunue modemu yoyote yenye tundu la simu. Nikaenda Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki, nikaiona yenye tundu dogo ambalo waya wa simu unaingia vizuri, muuzaji akaniapia kwamba inafanya na kampuni zote. Kufika nyumbani, waya wa faiba hauna pa kuingia. Lile tundu dogo lilikuwa limeandikwa DSL, yaani ni mlango wa kuingizia laini ya shaba, si wa kutolea simu. Tundu la kuchomeka simu huandikwa TEL, PHONE au POTS. Ukubwa ni ule ule, kazi ni mbili tofauti. Soma maandishi, usipime kwa waya. Na risiti ilikuwa imepigwa muhuri kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi.

Shemeji zetu wanatupenda, lakini aliye Kariakoo haoni waya uliopo ukutani kwako. Utazame wewe kwanza. Mwembamba wenye kichwa cha plastiki, aghalabu cha kijani, ni faiba. Mnene wa mviringo unaofungwa kwa kukaza kama wa antena ni wa kebo. Wa shaba wenye kichwa kidogo cha simu ndio wa ile modemu ya shemeji. Upige picha umtumie, ndipo mzungumze. Wa faiba usiukunje, usiguse ncha yake kwa kidole, na usichungulie ndani.

Mara ya pili nilinunua cha faiba chenye TEL. Hapo nikadhani nimemaliza, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Kisanduku cha faiba hakikubaliwi na mtambo wa kampuni mpaka namba yake ya utambulisho, ile iliyo kwenye kibandiko cha chini, isajiliwe. Nilipiga, wakasajili, intaneti ikaja. Nikachomeka simu na kuendelea na mapishi. Lakini usajili wa kisanduku ni jambo moja, na kuingiza namba ya simu ndani yake ni jambo jingine. Mipangilio ya simu, pamoja na neno la siri lake, ilikuwa kwenye kisanduku cha zamani. Kwa kawaida mteja hapewi. Wao ndio wanaoipakia, na huenda wasiipakie kama hukuomba.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, waulize: mnakubali kisanduku cha mteja mwenyewe? Na mkikikubali, mtaingiza na namba yangu ya simu? Wakisema intaneti ndiyo, simu hapana, chukua cha kwao. Kisha fundi akiwa bado mlangoni, inua mkono wa simu usikie mlio, piga nje, na umwombe mtu akupigie. Kupiga nje peke yake hakutoshi. Inua simu, jamani. Mimi sikuinua.

Mengine ni ya kawaida: hakikisha akaunti iko kwa jina lako na pasipoti yako au kitambulisho cha mgeni, si kwa jina la mpangaji aliyehama, la sivyo hawatazungumza nawe. Jaribu pia adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua, kwa sababu mara nyingi kinachokufa ni adapta tu. Na kama unaitegemea simu, nunua kile kibetri kidogo cha kushikilia kisanduku umeme ukikatika.

Nimekaa Nairobi miaka kumi na moja na ninaipenda. Ila sisi tumelelewa kuanza na shikamoo, habari za nyumbani, poleni na kazi, ndipo tutaje shida, na tukijibiwa vibaya tunanyamaza kwa aibu. Hapa kunyamaza kwako kunahesabiwa kwamba umeridhika. Mkenya hakasiriki ukimwambia moja kwa moja, "Simu yangu haipokei, naomba namba ya malalamiko." Anakuheshimu. Nilipoanza kusema hivyo, kazi iliyokaa siku kumi na tisa ilichukua dakika ishirini. Pia msikubali keateka, yaani mwangalizi wa jengo, awaambie kwamba kampuni ni moja tu hapa. Mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni mapatano yake na fundi. Muulizeni mwenye nyumba.

Kisanduku cha zamani usimpe mtoto achezee, wala usimpelekee shemeji. Kama kilikuja na huduma, huenda ni mali ya kampuni, na watakudai siku unahama. Kirudishe ofisini kwao pamoja na adapta yake, na usiondoke bila karatasi yenye namba ya kisanduku, tarehe, na sahihi ya aliyekipokea.